Mtoe Ndani ya Maji

Mapenzi yakitaka kukuumbua hukuchagulia siku uliyovaa vizuri. Asubuhi ile Vestine alikuwa amevaa gauni la kitenge cha njano ambalo Pacifique aliwahi kulisifu mara moja tu, na mara moja ilitosha. Tangu hapo likawa gauni la siku kubwa. Na siku ilikuwa kubwa kweli. Hospitalini Ruharo, mjini Mbarara, mama yake alikuwa ametoka kufunguliwa bandeji ya jicho la kulia, jicho lililokuwa limefunikwa na mtoto wa jicho, kama lile la kushoto, hata akawa anachambua maharage kwa kupapasa. Sasa Bernardine alikaa kwenye benchi la nje akitazama majani, viatu vya watu, vifungo vya mashati, kila kitu, wala hachoki.

"Vestine, kumbe umekonda hivi?"

"Nimekonda lini, Mama? Niko vilevile."

"Umekonda. Na hiyo shingo ni ya baba yako kabisa. Akifika akukute hivi atasema nilikuwa nakula peke yangu."

Tangu waje kukaa Juru, huko kambi ya wakimbizi ya Nakivale, kila sentensi ya mama yake ilianzia popote na kuishia kwa baba. Vénant alikuwa mvuvi wa Rumonge, mji wa Warundi kando ya ziwa. Mwaka walioukimbia mji, aliwapandisha mke na mtoto kwenye gari la kuelekea Rwanda, yeye akarudi ziwani avuke kwa mtumbwi mpaka Uvira, akamchukue mdogo wake, kisha awafuate. "Nitawakuta," alisema. Upepo ukavuma. Mdogo mtu alingoja ufukweni hadi akachoka. Mtumbwi haukuonekana, wala mwili.

Watu walipoanza kumwita Bernardine mjane, aliwakata kauli kwa swali moja: "Nani amenibikia?"

Kubika ni neno la Kirundi. Ni kwenda mpaka mlangoni kwa mtu ukamwambia kwa kinywa chako kwamba mtu wake amekufa. Na kweli, kwa Bernardine hakuna aliyekuja. Basi hakuna matanga, hakuna misa ya marehemu, na kila jioni sahani ya Vénant ilioshwa, ikafutwa, ikafunikwa.

Hapo ndipo mapenzi ya Vestine yalipokwama. Pacifique alikuwa Mkongo wa Uvira, mchoraji wa mabango ya saluni, mrefu, mpole, mwenye kope la jicho la kushoto lililolegea kidogo, likawa linalegea zaidi akitaka kutania. Vestine alipenda kope lile kabla hajalijua jina la mwenyewe. Wazee wa Pacifique walikwisha kuja Juru kumposa, wakaondoka, wakaja tena. Bernardine hakuwatukana. Aliwapa viti, akawapa chai, akawajibu kwa upole: "Kijana ni mzuri. Lakini mahari inapokelewa na baba. Vénant akifika, atawapokea mwenyewe."

Sasa mtu kama huyo utabishana naye vipi? Adui angesema hataki, ungejua pa kuanzia. Wazee walichoka. Mama mzazi wa Pacifique alikwisha anza kumtajia Sonia, binti wa kwao Uvira, ambaye baba yake alikuwa hai, yuko nyumbani, na ana kiti cha kupokelea wageni.

Pacifique alitokea langoni kwa hatua ndefu, shati limepigwa pasi, kucha zake zina wino kama kawaida.

"Mama, jicho inaona?"

"Inaona. Inakuona wewe. Una ndevu mbaya."

Walicheka wote watatu. Baadaye Vestine alikikumbuka kicheko kile mara nyingi, kwa sababu hakikupata mwenzake.

"Leo mutakula samaki," Pacifique alisema. "Kuko fasi nataka niwaoneshe, haiko mbali." Kisha akainama kwenye sikio la Vestine. "Chérie, leo Mama atanikubalia."

"Anakupenda tayari. Shida yetu si kupendwa."

"Ngoja utaona." Na kope lililegea.

Mkahawa ulikuwa wa Mama Kembabazi, Mnyankole mnene, mchangamfu, mke wa mwanajeshi mstaafu. Binti yake alimwonyesha siku moja picha kwenye kitabu cha shule, mungu wa bahari wa Wagiriki, jitu la ndevu lenye mkuki wa meno matatu, na Mama Kembabazi akaona hapo hapo kwamba mtu anayeuza samaki anahitaji mtu kama huyo ukutani. Akamwagiza Pacifique. Hayo Vestine aliyajua. Alijua pia kwamba Pacifique aliifanya kazi ile kwa miezi, kwa rangi za maji na wino, na kwamba kila alipoomba kuiona alikataliwa.

Aliiona kabla mama yake hajaiona. Ilikuwa karatasi kubwa ndani ya fremu ya kioo, imetundikwa peke yake kwenye ukuta wa ndani. Bahari imepanda, buluu juu ya buluu, na katikati yake mwanamume ametoka nusu majini, kifua wazi, taji kichwani, samaki wadogo wameingia kwenye ndevu. Picha nzuri. Vestine akafurahi kwa pumzi moja, akijivunia mikono ya mtu wake. Pumzi ya pili ikagoma kutoka.

Sikio la kushoto la yule mungu lilikuwa limechanika, pale ndoana ilipolinasa. Nyusi ya kulia ilikuwa na mkato. Mdomo ulikwenda upande, na katikati ya meno ya mbele kulikuwa na mwanya.

Jioni ngapi walikaa karibu na kisima cha Juru, Pacifique akimwuliza, niambie juu ya Papa yako? Akamwambia. Sikio, nyusi, mwanya, jinsi anavyocheka nusu mdomo. "Na macho?" "Macho siwezi," alimjibu. "Macho ya Papa siwezi kueleza." Alidhani ni mapenzi yanayouliza. Na yalikuwa mapenzi, hilo ndilo baya lake.

"Pacifique," alinong'ona, "umefanya nini?"

Lakini Bernardine alikwisha wapita. Alitembea katikati ya meza, akamgonga mtu aliyekuwa anakula bila kumwomba radhi, akasimama mbele ya ukuta na jicho lake jipya. Akainua mkono, akaugusa mkato wa nyusi juu ya kioo. Alipogeuka uso wake ulikuwa umerudi ujanani, na Vestine alitamani ardhi ipasuke, kwa maana alijua furaha ile imetoka wapi.

"Ulimuona wapi?" Bernardine alimuuliza Pacifique. "Mwanangu, ulimuona wapi? Yuko Uvira? Ni mzima? Aliniuliza?"

Pacifique alikuwa amejiandaa kwa machozi ya shukrani. Kwa swali hili hakujiandaa.

"Mama... apana. Mi sijamuona hata siku moya."

"Umemchora na sikio lake."

"Vestine njo alinielezea. Mi nilikosa uso ya kuweka, juu hawa miungu ya Bagiriki mi sibajue. Nikawaza niweke Papa."

"Kwa nini umemuweka ndani ya maji?"

Angenyamaza. Angesema lolote, kwamba ni biashara ya samaki, kwamba ndiyo matakwa ya mwenye mkahawa. Lakini Pacifique hakuwahi kujifunza uongo, na siku ile ukweli wake ulimponza.

"Nikawaza, kama ziwa ilimukamata, basi akuwe chef, mukubwa ya ziwa. Asikuwe mutu ya kupotea bule."

Watu wa meza ya karibu waliacha kula. Bernardine alitazama picha, akamtazama Pacifique, akatazama picha tena.

"Ziwa lilimkamata," alirudia polepole. "Nani amekuambia?"

Pacifique alimtazama tu Vestine, mara moja, na macho yake yakawa yamekwisha sema.

"Vestine."

"Mama."

"Ulimwambia kwamba baba yako amekufa?"

Mkahawa wote ulikuwa unamsubiri. Vestine aliona gauni lake la njano, akalichukia.

"Nilimwambia, Mama."

"Lini?"

"Zamani."

"Zamani." Bernardine alitikisa kichwa kama mtu anayekubali bei. "Na mimi naosha sahani, na wewe unanishikia taa."

"Mama, nisamehe."

"Kaa kimya." Akamgeukia Pacifique, na sauti yake haikuwa ya hasira, ingekuwa nafuu kama ingekuwa ya hasira. "Mtoe."

"Mama?"

"Mtoe ndani ya maji. Umemuacha uchi, na samaki ndani ya ndevu, na watu wanakula samaki mbele yake. Wewe ulimuingiza, wewe mtoe."

Mama Kembabazi alifika akipangusa mikono kwenye aproni. "Ni nini hapa? Picha imekosa nini? Hiyo picha ni yangu mimi, wageni wanaipenda sana."

Vestine alimweleza kwa maneno machache. Mama Kembabazi alimsikiliza hadi mwisho, akamtazama Bernardine, na uchangamfu wote ukamwondoka usoni.

"Mimi nilikaa kambi ya jeshi, Makenke, miaka mingi," alisema. "Nimeona wanawake ya kambi wakiletewa habari. Mwingine analetewa kofia peke yake, basi anashika ile kofia. Kijana, toa hiyo kitu. Ukuta yangu itakaa bure, haina taabu."

Walitoka uani, penye beseni la kuoshea vyombo. Pacifique alifungua fremu, akaondoa kioo, akalaza karatasi juu ya ubao.

"Mama, nikuambie kwanza," alisema. "Hii kuler, hii rangi yote, ni ya mayi, ukiiloanisha inaondoka. Bahari, taji, samaki, byote bitaenda. Lakini uso nilifanya na ankri, ile wino. Ankri ikikauka, mayi haiwezi kitu."

"Kwa nini uso peke yake?"

"Juu uso njo sikutaka ipotee."

Alichovya sifongo. Bahari ilianza kuondoka kwenye ncha, ikatiririka kwenye ubao, ikaingia kwenye beseni na kuyageuza maji kuwa ya buluu. Taji liliondoka. Mkuki wa meno matatu ukawa doa, kisha ukawa hakuna. Samaki waliondoka mmoja mmoja kwenye ndevu. Mungu wa Wagiriki hakukaa sana. Alikwenda zake na ufalme wake, na chini yake akabaki mvuvi wa Rumonge, mistari myeusi juu ya karatasi iliyolowa, sikio limechanika, anacheka nusu mdomo.

Bernardine alipiga magoti.

"Macho yake yamebadilika," alisema.

"Ni jicho lako, Mama, ni jipya bado," alijibu Vestine, ambaye machozi yalikuwa yamemziba asione chochote.

"Labda." Kisha Bernardine akaishika karatasi kwa mikono miwili, akaiweka kifuani ikiwa mbichi, akalia. Alilia kilio chote alichokuwa anadaiwa, cha mwaka ule na cha miaka iliyofuata, akimwita Vénant kwa majina ambayo Vestine hakuwahi kuyasikia, majina ya kitandani, ya ujana wao. Wapishi walitoka jikoni wakasimama. Mama Kembabazi alimvua mmoja wao kanga ya kiunoni, akamfunika Bernardine nayo mabega.

Bernardine alipomaliza kulia alinyanyuka, akamwendea Pacifique, akamshika mkono wenye rangi.

"Mwanangu, asante. Nilikuwa nauliza watu nani amenibikia. Ni wewe."

"Mama, mi sikutaka—"

"Najua hukutaka. Umenibikia vizuri, umeniletea hata uso wake. Mungu akulipe. Lakini nisikilize, na usiniombe mara mbili. Aliyenibikia mume wangu siwezi kumfanya mkwe. Ukiingia kwangu na sukari yako, nitaona hili beseni. Ukimshika mjukuu wangu kwa hii mikono, nitaona yale maji. Usije tena mlangoni kwangu."

"Mama, nitangoja. Hata mwaka, hata—"

"Usingoje! Kungoja ninakujua mimi. Sitaki mtu mwingine angoje kwa ajili ya nyumba yangu."

Akaikunja kanga juu ya karatasi, akaenda kukaa kivulini, mgongo kwao.

Vestine na Pacifique walibaki kando ya beseni.

"Juu ya nini hukuniuliza?" alisema Vestine, kwa Kiswahili cha Pacifique, kama alivyozoea wakiwa wawili.

"Nilitaka ikuwe siprizi. Nilisema Mama ataona Papa amekuwa mukubwa, atafurahi, atasema huyu ni mwana wangu."

"Yale maneno ya Papa nilikupa wewe. Wewe peke yako. Hata Mama sikumpa. Umeyatundika ukutani."

"Nilikosea. Sema nilikosea mara mia, nitaitika. Lakini usiniache, Vestine."

"Nani anakuacha? Umesikia alivyosema."

"Nimesikia Mama. Wewe sijakusikia." Alimsogelea, akamshika vidole tu, kwa uoga, kama anayeshika kitu cha mtu. "Twende. Leo hii, kutoka hapa hapa. Kuko bantu yetu Kampala, watatupokea. Mama yako akitulia tutarudi na mutoto, atakasirika siku mbili, ya tatu atambeba."

Na Vestine, tuseme kweli, aliiona Kampala. Aliona chumba kimoja, kitanda, brashi kwenye kopo, kope lile likilegea asubuhi karibu na uso wake. Aliiona vizuri kiasi kwamba mguu wake mmoja ulisogea.

Kisha akatazama kivulini.

"Mama yangu ameletewa jicho leo," alisema. "Kitu cha kwanza kuona ni mumewe amekufa. Cha pili kiwe mimi nimetoroka?"

"Na mimi?"

Pacifique akavikaza vidole vya Vestine.

"Nyumbani watanipa Sonia. Unajua. Nilikuwa nabaambia ngojeni, ngojeni. Sasa nitabaambia nini?"

"Muoe."

"Hiyo unasema na mudomo."

"Ndiyo, nasema na mdomo. Kwingine kote hakuna anayeniuliza." Akavuta vidole vyake. "Nenda, Pacifique. Nenda kabla sijakufuata."

Alikwenda. Langoni aligeuka, na Vestine akatazama chini, kwenye beseni, mpaka akasikia lango limefungwa. Maji ya buluu yalikuwa yametulia kabisa.

Juru walimzika Vénant Jumamosi, pembeni mwa shamba la mahindi. Kaburi lilikuwa dogo, kama la mtoto mchanga, na majirani waliokuja hawakuuliza kwa nini. Warundi walikuja, Wakongo walikuja, na katekista Nicodème alisali sala zote za marehemu bila kuruka hata moja, kama vile kuna jeneza la watu sita kulibeba. Bernardine alikuwa mtulivu. Asubuhi alikuwa ameichukua ile sahani, akaipa familia iliyowasili karibuni ambayo haikuwa na vyombo.

Ng'ambo, barabarani, alisimama kijana mrefu ameshika baiskeli. Hakusogea. Bernardine alimwona, maana sasa anaona. Aligeuza uso, lakini hakutuma mtu wa kumfukuza.

"Mfunge baba yako," alimwambia Vestine, akimpa karatasi na kipande cha shuka jeupe. "Ni kazi ya mtoto."

Vestine alipiga magoti ukingoni. Tangu Mbarara hakuwahi kuitazama picha. Mama yake alikuwa analala nayo. Sasa ilikuwa imekauka, na machozi yake pia yalikuwa yamekauka, kwa hiyo aliona. Sikio lilikuwa la baba. Nyusi ilikuwa ya baba, na mwanya, na ule mdomo wa upande. Alipanda juu hadi kwenye macho, yale macho aliyoshindwa kuyaeleza, akasimama hapo.

Kope la kushoto lilikuwa limelegea kidogo.

Alielewa mara moja. Pacifique alikuwa amekosa macho. Alikuwa ameketi mbele ya kioo, peke yake, na wino, akachora yake mwenyewe, kwa sababu ndiyo pekee aliyokuwa nayo ya kumpa. Yalimtazama kutoka ndani ya uso wa baba yake, yakitaka kutania, kama walipokuwa karibu na kisima.

"Umemaliza?" mama yake aliuliza.

Angeweza kusema. Angesema, Mama, haya si ya Papa, tuyaache nje. Alimtazama mama yake, mjane hatimaye, amesimama wima, ana mtu wa kumzika baada ya miaka yote ile. Akakunja shuka juu ya ndevu, juu ya mdomo, juu ya sikio. Macho aliyafunika mwisho.

"Nimemaliza, Mama."

Alishusha kifurushi kwa mikono yake, akachota udongo, akamwaga. Wanawake walianza kulia, na Bernardine akamkumbatia, akamwambia lia, mwanangu, lia, ni baba yako. Vestine akalia. Alikuwa anazika wanaume wawili, na ruhusa ya kulia alikuwa amepewa ya mmoja. Kwa hiyo alililia jina la baba yake kwa sauti kubwa kadiri alivyoweza, akitumaini kwamba ng'ambo, barabarani, kuna mtu atasikia lake.